Kopo la Baba Kwenye Uwanda wa Chumvi

Enzi zetu sisi watoto wa chumvi, nyumba haikuwa ya kukaa, ilikuwa ya kukimbia jua. Wenzangu mliolelewa kwenye majaruba ya chumvi huku kwetu pwani ya Lindi mtanielewa bila maelezo marefu. Masika yakiisha tu, tulimwacha Mama kijijini Kitomanga na mikorosho yake, tukateremka na Baba na Bibi mpaka uwandani, mahali pasipoota hata jani. Chini kweupe, juu kweupe, na katikati kibanda chetu cha fito na udongo, kidogo kiasi kwamba Baba akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili.

Humo ndani tuliishi wanne. Kitanda kilikuwa kimoja, teremka-tukaze ya kamba; hapo alilala Bibi, mama yake Baba, na mimi na mdogo wangu Zuhura tukajibana miguuni pake. Baba alitandika mkeka mlangoni, kichwa ndani, miguu nje. Zuhura alikuwa akisema nyumba yetu imemmeza Baba ikashindwa kummaliza, na Baba alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anausikia utani huo. Leo binti yangu Rehema ana chumba chake peke yake, ana feni, ana kabati lenye kioo, na bado analalamika kinambana.

Maji ya kunywa yaliletwa kwa baiskeli kwenye madumu, kwa hiyo kuoga ilikuwa kujipangusa. Chumvi ilitukaukia mwilini mpaka tukawa weupeweupe kama tumepakwa unga. Tukipata embe bichi hatukuhitaji kutafuta chumvi, tuliliburuza mkononi, tukala. Tulicheza mdako kwa mabonge ya chumvi, tukavaa makatambuga yaliyokatwa kwenye tairi kuukuu, tukala ugali wa muhogo na dagaa mpaka nguo zikanuka dagaa. Nilikuwa na furaha sana kule. Nalisema hilo kwanza, maana hili linalofuata mtu anaweza kudhani niliishi kwa hofu tu.

Hofu ilikuwa ya mchana. Kuanzia saa tano mpaka alasiri hakuna aliyekanyaga nje. Tulikaa kibandani kimya, tukichungulia kwenye nyufa za ukuta. Mazigazi yaliinuka, ile mikoko ya mbali ikaachana na ardhi ikaelea, na mara nyingine uliona mtu anatembea kule, hana miguu, halafu humwoni tena. Ndege hawakupita. Sauti pekee ilikuwa ya chumvi yenyewe ikikauka kwenye majaruba, inapasuka polepole, kama mtu anatafuna na hataki asikike.

Na kulikuwa na mwiko. Watu wa chumvi hatukuitana majina mchana. Kila aliyelazimika kutoka nje alibeba kopo la bati na kijiti. Akiwa na shida aligonga kopo, na nyumbani tukamjibu kwa kugonga debe lililoning'inia mlangoni. Bibi alitufundisha hilo kabla hata ya kutufundisha Alhamdu.

"Anayekuita kwa jina jua likiwa utosini siye wa kwetu," alikuwa akisema. "Hata kama sauti ni yangu mimi, usiitike."

Siku yenyewe maji makubwa ya bamvua yalikuwa yamebomoa tuta la mfereji, na maji yakiingia yangeyeyusha chumvi yote iliyokuwa tayari kukusanywa. Ilikuwa saa sita na ushee. Bibi alikuwa kwenye sala ya adhuhuri. Baba akachukua jembe, akapapasa pale mlangoni alipozoea kuliweka kopo lake, hakulikuta. Akanong'ona, "Narudi sasa hivi," akatoka.

Kopo nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa chini ya kitanda, limejaa mchanga na chumvi, wali niliompikia Zuhura asubuhi. Baba alishanionya mara mbili nisilichezee. Nilimwona akilitafuta. Nikanyamaza, maana niliogopa fimbo.

Bibi akamaliza sala, akakaa kitandani. Muda ukapita, mrefu. Halafu nikasikia.

"Somoe! Somoe ee!"

Ilikuwa sauti ya Baba, wala si ya kufanana nayo. Ilitoka upande wa mikoko. Nikafungua mdomo niseme abee, kiganja cha Bibi kikaniziba, kinanuka vitunguu.

"Nyamaza. Baba yako ana kopo. Huyo siye."

Ikaita tena. Haikuwa sauti ya mtu anayelia wala aliye taabuni. Iliita kwa utulivu tu, kama Baba anavyoniita nimpelekee maji ya kunywa, na hilo ndilo lililonitia baridi ndani ya joto lile. Zuhura akajifunika kanga ya Bibi gubigubi. Mara ya tatu iliita nyuma ya ukuta, usawa wa vichwa vyetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuingiza kidole kwenye ufa nikaigusa.

"Somoe."

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba Baba hana kopo. Kama ni yeye, anaita kwa sababu hana cha kugonga, na hana cha kugonga kwa sababu yangu. Kama siye, nikitoka nimekwisha. Na nikisema, nachapwa. Naona aibu mpaka leo kwamba fimbo niliipima kwenye mzani mmoja na uhai wa baba yangu, lakini niliipima, nikiwa na miaka tisa, na ilichukua muda kabla ya kusogeza kiganja cha Bibi.

"Bibi, kopo ninalo mimi."

Alinitazama. Akainama, akaliona chini ya kitanda na wali wake. Hakunigombeza. Yule yule bibi aliyetufundisha mwiko akatoka nje kichwa wazi, miguu mitupu, akapaza sauti kwa jina juani.

"Ahmadi! Ahmadi mwanangu!"

Nilichukua debe nikamfuata nikiligonga kwa nguvu zangu zote. Tulipozunguka nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu. Chumvi ilikuwa laini, haina hata unyayo.

Kwenye tuta lililobomoka tulikuta jembe peke yake. Baba tulimkuta mbali, karibu na mikoko, amelala ubavu, midomo imepasuka, macho wazi hayatuoni. Wachumvi wenzake walilisikia debe wakaja na toroli, wakamfikisha kivulini, wakamwaga madumu yote ya maji juu yake. Maji ya kunywa ya siku tatu. Nililia nikiyaona yanamwagika, nikalia zaidi alipokohoa.

Siku ya tatu ndipo alipoweza kuzungumza. Nikapiga magoti kando ya mkeka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, Baba. Nilikusikia unaniita, sikuitika."

Akainua kichwa kutoka mkekani.

"Mimi sikukuita, Somoe. Wewe ndiye uliyeniita. Nilikuwa tutani nikakusikia kule mikokoni, Baba, Baba, unalia. Nikatupa jembe nikakuitika, nikakufuata. Kila nikikaribia unaita mbele kidogo."

Bibi alikuwa akichambua dagaa. Mikono yake ikasimama. Hatukulizungumza tena nyumbani kwetu. Lakini nimelifikiri miaka yote. Lililoniita mimi lilitaka nitoke, sina shaka, ila lisingeniita, nisingelitaja kopo, na Baba angekaukia pale. Mpaka leo sijui nilichukie au nilishukuru.

Sikuchapwa. Baba alipona, akazeeka, ila tangu siku ile hakuitikia tena jina lake, usiku wala mchana. Ukimtaka ulimfuata ukamgusa bega. Majirani wa Kitomanga walidhani amekuwa kiziwi. Kopo lake ninalo jikoni kwangu, na Rehema ameshaniuliza mara nyingi kwa nini silitupi takataka ile.

Mwaka jana tulimzika. Baada ya arobaini nikamchukua Rehema nimwonyeshe nilipokulia. Jamani watoto wa siku hizi! Unamwita mara tano hasikii, ana vidude masikioni, ya sita anakujibu "Niambie," kama wewe ni shoga yake. Sisi tuliitika abee kabla jina halijaisha. Nimemfundisha nimechoka.

Tulifika uwandani saa sita, kwa uzembe wangu mwenyewe, barabara ilituchelewesha. Kibanda hakipo, hata alama ya ukuta. Nilisimama nikiwakumbuka Bibi na miguu ya Baba iliyolala nje, moyo ukaniuma kwa hamu ya nyumba ile ndogo, hamu nisiyowahi kuwa nayo kwa nyumba nyingine yoyote. Rehema alikuwa nyuma yangu karibu na gari, na simu yake. Chumvi ilikuwa inatafuna, vile vile.

Ndipo nikamsikia akiitika. Kwa adabu, mara moja, kama mtoto wa enzi zetu.

"Abee, Mama!"

Nikageuka. Alikuwa amevua vile vidude, amenipa kisogo, anatembea kuelekea mikokoni.

Sikuwa nimefungua mdomo. Nikataka kupaza jina lake, nikajizuia: jua lilikuwa utosini, na sauti yangu ilikuwa tayari inamwita kule mikokoni. Kopo nilikuwa nimeliacha jikoni. Nikarudi mbio garini, nikachomoa funguo nikagonga bati lake, nikagonga, nikagonga, na mwanangu hakugeuka, kwa maana sikuwahi kumfundisha maana yake. Nilimfundisha kuitika tu. Nikavua viatu, nikakimbia.