Ndoa ya Kuchuchumaa

Miaka ile ya ruksa, Majengo ilipojaa mitumba na kila mtu akawa mfanyabiashara, mimi niliuza karanga sokoni, na Ijumaa nilikwenda gerezani kuwasalisha wafungwa Waislamu. Mke wangu alinitania kwamba nina misikiti miwili, na ule wenye kufuli ndio ninaoupenda zaidi. Hakukosea sana.

Siku moja binti wa mfungwa mmoja alinifuata kwenye magunia yangu. Alikuwa anaolewa. Nikamwambia baba yake anaweza kuniweka wakili wake, nimwozeshe mimi msikitini, sheria inaruhusu. Akakataa katakata.

"Nataka aniozeshe kwa mdomo wake, shekhe. Mtaani wananiita yatima na baba yangu yu hai."

Nilinuna, maana nilijua nani atahangaika. Mkuu wa gereza, Mgogo na Mkristo wa kanisani kila Jumapili, alinizungusha wiki tatu, kisha akaruhusu nusu saa katika chumba cha wageni, bwana harusi na mjomba wake tu, awe shahidi. Shahidi wa pili akawa askari Mwislamu, yule aliyemhesabu mzee wetu, baba wa binti, kila jioni.

Siku yenyewe nilichukua idhini ya binti langoni, nikamwacha hapo na shangazi zake. Ndani, mkeka ulikuwa tayari. Mzee aliletwa amevaa kanzu yangu ya akiba, nikamshikanisha mkono na mkwewe kabla hatujakaa. Hapo hapo mkuu akaingia kutazama.

Gerezani mfungwa hasimami mbele ya mkubwa. Mzee akachuchumaa papo hapo, na mkono hakuuachia. Bwana harusi akavutwa chini, suruali yake ya mtumba ikapasuka nyuma. Mjomba akadhani ndio utaratibu, naye akachuchumaa. Sijui nini kilinipata, nikachuchumaa na mimi.

Mkuu alitutazama mmoja mmoja. Akauliza kama ndivyo Waislamu wanavyooana. Nikaangua kicheko, na askari shahidi alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakitikisika. Kisha mkuu akamwinamia mzee.

"Mzee, leo wewe ni baba wa bibi harusi. Kaa vizuri."

Mzee akakaa kwenye mkeka. Machozi yalimtoka, nami nikaona aibu kwa kicheko changu. Miaka yote nilimjua kwa "ndiyo afande" ya kunong'ona. Sasa akavuta pumzi.

"Nimekuoza binti yangu," akasema, "kwa mahari ya cherehani."

Alisema kwa sauti ya kuita ng'ombe mbugani. Bwana harusi alikubali haraka, mkono mmoja ukiwa bado umeziba suruali.

Nilitoka mbio kumpa binti habari. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mtandio umemdondoka mabegani.

"Nimemsikia," akasema kabla sijafungua mdomo.

Shangazi wakapiga vigelegele, na ndani, ng'ambo ya ukuta, wafungwa wakaanza kupiga makofi. Askari wa langoni alipaswa kuwanyamazisha wote, lakini naye alikuwa anapiga.