Mama Pindo Hakuficha Mabaki

Simu ya shemeji, mume wa dada yangu, ilinikuta dukani nikipima unga. "Shemeji, dada yako ametutoka. Homa ya mapafu, asubuhi hii." Nilikaa juu ya gunia, kisha nikafunga duka nikaondoka.

Nilipofika kwao, jirani alinipokea uani. "Pole sana. Kumbe ule uvimbe wa kichwani ulimrudia, ukammaliza!"

Ulimrudia, ndiyo. Haukummaliza.

Dada alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, maana pindo lake lilinyooka kama limepigwa rula. Mapindo yalipoanza kwenda upogo, wateja walimtania kuwa uzee umebisha hodi. Kumbe alikuwa haoni pembeni. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Haukuwa saratani, wala haukutoa homoni za kumshtua mapema. Ulikua kimyakimya mpaka ukabana mishipa ya macho. Akapasuliwa kupitia puani, akaona tena.

"Tumeacha mabaki kidogo," daktari alimwambia. "Yameshikana na mshipa mkubwa wa damu. Mara nyingi huota tena, hata baada ya miaka. Usiache kupimwa."

Dada akacheka. "Daktari, mimi ni fundi. Mabaki nayaweka mahali ninapoyaona."

Kanisani, kiongozi wa maombi alimtaka atoe ushuhuda kwamba amepona kabisa. Akasimama. "Namshukuru Mungu, naona. Ila kuna mabaki, na mwezi ujao naenda kupimwa."

"Mama Pindo, usikiri ugonjwa!"

"Mungu anajua yamebaki. Sasa namficha nani, wewe?"

Watu waliangua kicheko, kiongozi akanuna. Tangu hapo wengine walimwita mwenye imani haba. Kila alipokwenda kupigwa picha walimuuliza kama Mungu naye anangoja majibu ya hospitali. "Yeye keshaona," aliwajibu. "Ninayengoja ni mimi."

Miaka ikapita, picha moja ikaonyesha uvimbe umeanza kukua. Macho yalikuwa bado mazima. Akapigwa mionzi, ukatulia, naye akarudi kwenye cherehani yake. Wale waliomcheka walikuja kushonesha sare za kwaya, akawashonea, na kuwasema akawasema.

Siku ya mazishi, kiongozi yule alimnong'oneza shemeji, "Habari za uvimbe tuziache, zitawavunja watu moyo."

"Kaa, ndugu yangu," shemeji alisema. "Nitaeleza mwenyewe."

Akaeleza yote: alichougua, kilichorudi, na jinsi kupimwa kulivyomwachia macho yake mpaka mwisho. Tukaomba, tukaimba wimbo mmoja, vijana wakateremsha jeneza. Mama yetu mzazi alitupa udongo wa kwanza, akafuata shemeji, kisha mimi. Kaburi lilipojaa tuliweka msalaba wenye jina lake, tukamshika mama mikono, tukarudi nyumbani.