Orodha ya Wagonjwa

Jumapili baada ya ibada, hapa kanisani kwetu Arlington, mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alimwendea fundi wetu wa kompyuta, kofia mkononi. Kila Jumamosi akina mama huchapisha orodha ya wagonjwa kutoka kompyuta ya kanisa, kisha huwapelekea chai na chapati. Kwa mkewe, alipokuwa mgonjwa, hawakufika wiki sita, na mzee alitaka kujua kwa nini.

Fundi hakujitetea. "Mzee, nilihamishia data kwenye seva mpya, ile mashine inayotunza orodha. Jedwali lenye majina linaitwa Wagonjwa, kwa herufi kubwa. Programu inaliita kwa herufi ndogo. Mashine ya zamani haikujali. Hii mpya iliona ni jedwali jingine, ikafungua jipya, tupu. Wagonjwa wapya wakawa wanaandikwa humo, hakuna aliyeshtuka."

"Kwa hiyo jina lake lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mzee. Halikufutwa."

Mzee aliizungusha kofia taratibu. "Kila Jumamosi alikuwa ananiambia nisifunge mlango."

Fundi amesharekebisha, ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini sisi tuliokaa na mke wa mzee benchi moja miaka yote hiyo, na nafasi yake tukaiona tupu, tulikuwa tunangoja kompyuta itukumbushe.