Mama wa Ukutani

Mwalimu Penina alimpenda mumewe Obedi, ila Obedi alikuwa na kasoro moja: aliishi Makole, mjini, wakati mkewe anafundisha darasa la nne huku kwetu Hombolo. Kwa hiyo projekta ilipoletwa shuleni, Penina aliidaka kabla sisi wengine hatujaigusa. Tetesi zilisema atakayeonyesha anaimudu atahamishiwa mjini akawafundishe walimu wenzake.

Mimi nina darasa la tatu, na ukuta unaotutenganisha una ufa wa kupitisha mkono, basi nilisikia yote. Kwenye video iliyomulikwa ukutani kulikuwa na mama mwenye sauti tamu ajabu. Anauliza, "Sita mara tisa ni ngapi?" Kimya kidogo. Halafu anajijibu mwenyewe, "Hamsini na nne! Hongera, jipigie makofi!" Watoto wanajipigia. Wakambatiza Mama wa Ukutani. Penina alikaa pembeni akijipepea kwa ncha ya kanga, na mimi huku nakauka koo kwa vumbi la chaki. Wivu ulinikaba, sifichi.

Siku ya ukaguzi akaja Bwana Castory, mthibiti ubora, mtu mpole asiyechoka kuuliza. Watoto walipomaliza kumwamkia tu, umeme ukakatika bila hata kuaga.

"Si neno," akasema. "Nitauliza mwenyewe. Watoto, saba mara nane ni ngapi?"

Kimya. Nikaweka jicho kwenye ufa. Darasa zima limetulia tuli, nyuso zimeelekea ukutani, hakuna hata mmoja mwenye wasiwasi. Kisha wote kwa pamoja wakapiga makofi.

"Mnashangilia nini?"

Devota wa dawati la mbele akasimama kwa adabu. "Tumepata, mwalimu."

"Mmepata ngapi?"

"Bado hajasema."

Nilicheka mpaka nikauma kanga. Lakini nilipomwangalia Penina, kicheko kilinikatika. Maskini, vyombo vyake vya nyumbani vilikuwa tayari kwenye maboksi.

Bwana Castory hakugomba. Alimgeukia taratibu. "Sasa mwalimu, tukikupeleka mjini, hao wenzako utawafundisha nini?"

Macho ya Penina, naapa, yakapanda ukutani, pale pale walipokuwa wakitazama watoto, akasubiri.

Watoto walimwonea fahari mwalimu wao. Wakampigia makofi.