Kipimo kimepita, Mama Niyo amelia

Leo nimemliza mtu kwa habari niliyodhani ni njema.

Tunapima ushindiliaji wa udongo, yaani kama umekazwa vya kutosha, kwenye barabara ya kuingia kambi ya wakimbizi. Kipande cha mwisho kilikuwa kinakataa kupita kipimo, kila siku udongo bado laini.

Jioni Mama Niyo, mkimbizi anayetuuzia uji, huuliza, "Mwanangu, imepita?"
Nikisema bado, ananijazia kikombe hadi juu. Nilidhani ananipa pole.

Leo imepita. Nikamkimbilia.

Akaweka upawa chini.
"Basi mabasi ya kuturudisha Burundi yatafika."
"Si unarudi nyumbani, mama?"
"Mume wangu nimemzika hapa. Huko ananingoja nani?"

Ninyi mngemjibu nini?

Akanijazia kikombe hivyo hivyo, machozi yakimtoka.
Sijaweza kukinywa.