Vitambaa Chini ya Leso

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, ufagio na wodi ya akina mama. Nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja mjini Kisumu. Kazi yetu ilikuwa kupiga deki, kubadilisha mashuka na kusukuma wagonjwa. Shule yangu iliishia darasa la saba. Sikumwambia mtu kwamba wiki tano kabla ya siku hiyo mimba yangu ya miezi mitatu ilikuwa imeharibika, na kwamba hedhi yangu haikuwa imerudi. Nilidhani kizazi changu kimefungwa kabisa.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyepoteza mimba yake juzi yake, akaniuliza, "Mama, damu ya mwezi hurudi lini?"

Nami nilitaka kujua hilo hilo. Sista msimamizi, mwanamke mrefu asiyependa kelele, akajibu.

"Hii damu ya sasa itapungua siku kwa siku. Kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili. Hedhi yenyewe hurudi baada ya wiki nne hadi sita, kwa wengine nane. Ya kwanza inaweza kuwa nzito na kuuma zaidi. Lakini usidhani huwezi kushika mimba kabla haijarudi. Yai hutoka kwanza, damu hufuata. Kama bado hutaki mimba, tuongee kabla hujaenda nyumbani."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, unapiga deki ama unasikiliza?"

"Nasikiliza, Sista."

"Basi sikiliza vizuri. Watakuuliza wewe kabla ya kuniuliza mimi. Mimi wananiogopa."

Hedhi yangu ilirudi wiki ya saba. Nilikaa chooni nikalia. Nilifurahi kwamba mwili umepona, na nilimlilia yule mtoto niliyempoteza. Sijawahi kuweza kutenganisha hayo mawili.

Baada ya miaka mingi wodini nilihamishwa hadi kituo cha afya karibu na Luanda Kotieno. Mkubwa wetu alikuwa afisa wa kliniki, ambaye watu wote walimwita Daktari. Alinifundisha kutembelea wanawake nyumbani baada ya mimba kuharibika.

"Usiulize kama damu ni nyingi," aliniambia. "Mmoja ataita nyingi, mwingine ataita kidogo. Uliza amebadilisha vitambaa vingapi tangu asubuhi, na kama vilikuwa vimelowa kabisa."

Pedi mbili kulowa kila saa, kwa saa mbili mfululizo, ni hatari. Homa, harufu mbaya, kizunguzungu na maumivu yanayozidi, vilevile. Mtu wa namna hiyo hangojei kesho.

Nilijua hayo yote siku nilipokwenda kwa Akinyi, muuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyepoteza mimba siku nne kabla. Mama mkwe wake, Mama Okoth, alikuwa ameketi mlangoni.

"Leo ufagio umeuacha wapi?" akanichokoza.

"Umestaafu kabla yangu, Mama. Akinyi anaendeleaje?"

"Analala tu. Wasichana wa siku hizi ni laini kama omena ya jana."

Nikauliza vitambaa vingapi. Mama Okoth akajibu, "Viwili, vitatu." Akinyi alikuwa nyuma yake akitazama chini. Nikaandika vitatu, nikaaga. Hilo lilikuwa kosa langu. Huku kwetu mama mkwe husemea mke wa mwanawe, nami nikamwachia asemee hata damu isiyo yake.

Nilipopita nyuma ya nyumba niliona leso moja ya kujifunga imeanikwa, na chini yake, mahali mwanamke huficha vitu vyake, vitambaa vimejipanga. Kumi na moja. Vyote vilikuwa bado vinadondosha maji.

Nikarudi. "Mama Okoth, nina kiu. Tafadhali nichotee maji."

Alipotoka tu, Akinyi akaninong'oneza. "Hivyo ni vya tangu asubuhi. Na nasikia baridi. Mama anasema ni uchafu, uache utoke wote."

Mama Okoth alirudi na kikombe akakuta nimemshika mke wa mwanawe mkono, tunasimama.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa Daktari. Huu si uchafu, Mama. Hii ni damu yake, na inaisha."

Daktari alisema mabaki ya mimba yamebaki ndani, na kizazi hakiwezi kujikaza hadi yatoke. Gari lilimpeleka hospitali kubwa, akasafishwa kizazi, akaongezwa damu. Baada ya wiki sita alikuja kituoni na beseni la samaki kichwani.

"Imerudi," akasema. "Na inauma kweli."

"Pole."

"Usinipe pole. Nimefurahi."

Sasa nimestaafu, naishi Kaloleni, Kisumu, na magoti yangu hayataki ngazi. Nilifanya kazi nzuri na sioni haya kusema hivyo. Lakini nikiwaza kazi hiyo, huanza na lile "vitatu" nililoandika.

Mwaka wangu wa mwisho kituoni, Mama Okoth alimleta mke wa mwanawe mdogo, aliyepoteza mimba wiki hiyo. Alimsukuma taratibu hadi ndani, yeye mwenyewe akabaki mlangoni.

"Mimi nakaa nje," akasema. "Muulize ya vitambaa. Akikwambia ni vichache, niite. Mimi ndiye niliyevifua."