Barua Saba za Skuli ya Ufundi

Ufunguo ule nilipaswa kuukataa. Karani mkuu aliuweka juu ya meza yangu, akanionesha kwa kidevu barua saba nilizokuwa nimemaliza kuzipiga muhuri, akasema, "Zifungie kwenye mtoto wa meza. Karafuu zikisha kuchumwa, utazigawa barua hizo."

Nikauchukua. Sikuuliza hata mara mbili.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika ofisi moja ya serikali Chake Chake. Nilikuwa karani wa muda, na kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzipiga muhuri wa tarehe na kuzigawa. Barua zile zilitoka Unguja, kwa vijana saba wa huku waliofaulu mtihani wa kuingia skuli ya ufundi. Serikali ilikuwa imeanza kusema kwamba vijana wafundishwe kazi za mikono, useremala, uashi, mitambo, wasitegemee karafuu peke yake. Lakini mwaka ule karafuu zilizaa mpaka matawi yakainama, na wenye mashamba walifika ofisini wakipiga kelele kwamba hakuna wachumaji. Serikali ile ile ilizitaka karafuu pia.

"Saba si wengi," nilimwambia karani mkuu.

"Saba wakiondoka leo, wiki ijayo wanakuja mia kutaka fomu. Nani atapanda mikarafuu kuchuma? Wewe na tai yako?"

Makarani wenzangu walicheka. Nami nikacheka.

Barua hazikuwa na bahasha, na nilikuwa nimezisoma. Kila moja ilisema kijana aripoti baada ya wiki tatu, na asiporipoti nafasi yake atapewa mwingine. Karani mkuu alisema skuli za Unguja hazifungui kwa wakati hata siku moja. Nilichagua kumwamini, kwa sababu ndiye ambaye angependekeza niajiriwe kazi ya kudumu.

Barua ya nne ilikuwa ya mdogo wangu.

Tulizaliwa wawili tu, na baba yetu alikufa mapema. Mimi nilipochaguliwa kwenda sekondari Unguja, yeye alibaki kijijini kwetu, upande wa Pujini, akichuma karafuu za watu pamoja na mama ili mimi nipate nguo na vitabu. Alimaliza darasa la nane na kuishia hapo. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Cherehani ya jirani ikikwama, aliitwa yeye. Baiskeli yangu niliyokwendea kazini, alikuwa ameiunda kwa vipande vya baiskeli tatu. Mtihani ule wa ufundi aliufanya kwa furaha, akarudi akituonesha kwa vidole jinsi alivyopiga tupa kipande cha chuma mpaka kikawa mraba.

Kila jioni tulikaa ukumbini kuchambua karafuu, tukizitenganisha na makonyo, vile vijiti vyake, na kila jioni aliniuliza.

"Kaka, barua?"

"Bado."

"Au meli imezitupa baharini?"

"Mwache kakako," mama alisema. "Kwani barua anaandika yeye?"

Alikuwa amekwisha kujitengenezea sanduku la mbao lenye kitasa. Alilifungua na kulifunga kila siku, kusikiliza kitasa kinavyolia, na kila kilipolia nilihisi ule ufunguo mdogo mfukoni mwangu.

Zilipobaki siku mbili ile tarehe ya kuripoti ifike, alikuja ofisini mwenyewe. Alikuwa ametoka mtini moja kwa moja, vidole vyeusi kwa utomvu, majani kwenye nywele. Alisimama mbele ya meza yangu. Goti langu lilikuwa likigusa mtoto wa meza.

"Kaka, hebu tazama tena. Watu wanasema skuli inafungua wiki hii."

"Watu wanasema mengi."

"Wengine wanasema majina yamekatwa kwa ajili ya siasa. Kama langu limekatwa niambie tu, nijue."

Zama zile watu walikuwa hawanunui tena duka moja wala hawaendi harusi moja kwa sababu ya vyama. Ningeweza kumwambia pale pale. Meli ya Unguja ilikuwa iondoke Mkoani asubuhi ya pili yake, na muda wa kuiwahi ulikuwepo. Karani mkuu aliinua kichwa.

"Kijana, kuna nini?"

"Anauliza barua, bwana," nilijibu mimi.

"Mwambie zikija ataitwa."

Mdogo wangu alinitazama mimi, si yeye. "Zikija nitaitwa, kaka?"

"Utaitwa," nikasema.

Akashukuru, akarudi shambani.

Karafuu ziliisha baada ya wiki mbili na ushei. Karani mkuu akaniambia nizigawe barua. Nilimpelekea mdogo wangu yake nyumbani, nikampa bila kumtazama usoni. Alisoma jina lake kwa sauti, akamkumbatia mama, kisha akaushika mkono wangu akaubusu. Tarehe ya kuripoti aliiona, akasema, "Nimechelewa kidogo, nitawaeleza." Alfajiri alijitwika sanduku lake akaenda Mkoani.

Siku ya nne alirudi nalo.

Mama alikuwa akipeta mchele. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka, akaitandaza barua mbele yangu.

"Mwalimu ameniuliza nilikuwa wapi. Nimemwambia barua imenifika juzi. Akanionesha hapa." Aliweka kidole juu ya muhuri. "Imefika Chake tangu mwezi na zaidi. Akaniambia mimi muongo. Kaka, mihuri kama huu ofisini mnayo mingapi?"

"Mmoja."

"Anaupiga nani?"

Ungo wa mama ulinyamaza.

"Mimi," nikasema. "Lakini niliamriwa kuzifungia."

"Kufungia uliamriwa. Na kunijibu 'bado' kila jioni, humu ndani, uliamriwa na nani?"

Aliikunja barua ile.

"Nami nikakubusu mkono," alisema, akainuka.

Kazi ya kudumu niliipata mwaka uliofuata. Yeye alijifundisha mwenyewe useremala, na hakuna nyumba ya maana kijijini kwetu isiyokuwa na mlango alioutengeneza yeye, isipokuwa yangu. Tuliishi umbali wa nyumba tatu. Nikimsalimu aliitikia salamu, kwa sababu dini inamtaka aitikie, na hapo ndipo maneno yetu yalipoishia. Mama tulimteremsha kaburini pamoja bila kusemezana. Nilimwendea mara mbili kumwomba radhi. Zote mbili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kupiga randa.

Amefariki mwaka huu. Kumwosha ilikuwa haki yangu, lakini wanawe hawakuniita, na siwalaumu, maana hawakulelewa kunijua kama baba yao mkubwa. Nilisimama mazikoni nyuma, pamoja na majirani. Nilikuwa na ndugu mmoja tu duniani. Nilimpoteza kwa kuogopa kukosa kazi, naye akaishi miaka yote ile karibu na mlango wangu akiwa si ndugu yangu tena.